Bato ya Muzee Bagalwa na Ndugu Yake

Tangu nirudishe ufunguo wa kabati ya vyombo, vijana wa atelier, karakana yetu ya boti, mumenifuata hadi nyumbani Katoyi, mara na soda, mara mikono mitupu, mukitaka niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Sijasahau kitu. Magoti ndiyo yaliyosahau. Na kama mulitegemea nieleze namna nilivyopandishwa kuwa chef wa kuziba nyufa za boti, mwanamuke wa kwanza kwenye ufuko ule, mutakosa, maana siku ile walinipa kofia isiyonitosha na kazi ikaendelea. Nitaeleza kazi yenyewe, na Muzee Bagalwa aliyenifundisha, na ile bato, boti yenye mitumbwi miwili, iliyokaa nyuma ya banda hadi mukaizoea, mukawa munaanika nguo zenu juu yake. Ninyi wa siku hizi munapaka nyuzi za fibre na gundi ya kole, munavaa maski, munaenda nyumbani saa tisa. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba mutu akiniuliza ile bato ilikuwa ya nini, napenda ajibiwe vizuri.

Niliingia kazini kwa njia ya mandazi. Mama yangu, mutu wa Kalehe, alituleta Goma tukiwa wadogo, na nilipoolewa nikaanza kukaanga mandazi na kuyapeleka kwa mafundi wa mbao kando ya ziwa. Hawa walikuwa hawana muda wa kwenda kula kwao, au muda walikuwa nao lakini hawakutaka kuulizwa maswali na wake zao. Muzee Bagalwa hakununua hata moja. Alikuwa mufupi, mukavu, mwenye masikio makubwa, na alikuwa akiniangalia mikono hadi nikaanza kumuogopa. Siku moja akaniita.

"Mama ya mandazi, ile kamba ya mufuko wako, nani alikufundisha kuisokota?"

"Hakuna mutu. Mufuko ulikuwa unafunguka."

"Basi kaa. Sokota na hii."

Akanipa furushi la pamba chafu. Nilisokota hadi jua likaelekea Sake, upande linakotua. Mandazi yakapoa, mafundi wakayala yakiwa baridi wakilalamika, na Muzee akachukua kamba yangu ya pamba, akaivuta, akaipima kati ya vidole viwili, akaenda nayo. Kesho yake nilikuta ameniwekea kigoda. Hiyo ndiyo barua ya kazi niliyopewa, na sijawahi kuona nyingine iliyo wazi kama ile.

Sasa sikilizeni kazi. Kati ya ubao na ubao kuna nafasi. Unaijaza kwa pamba iliyosokotwa, unaisukuma ndani kwa chuma butu, unagonga kwa nyundo ya mbao, kisha juu yake unapaka lami iliyochemshwa na mafuta ya mawese. Mutu mgeni anafikiri ukijaza sana ndiyo unaziba sana. Mimi pia nilifikiri hivyo. Muzee hakunigombeza, yeye alipokasirika alikuwa anafungua kazi yako kimya, mbele yako, halafu anakuachia uanze upya, na heri angetukana. Lakini siku ile alichukua chupa, akaijaza maharagi makavu, akatia maji, akaifunga kizibo kwa nguvu, akaiweka chini ya benchi. Asubuhi chupa ilikuwa imepasuka na maharagi yamelala kwenye vumbi.

"Ubao mukavu iko vile vile," akasema. "Ukiiweka ndani ya mayi, inakunywa, inavimba. Kama ulishindilia pamba, itaenda wapi? Itavunja mbavu. Acha nafasi ya kunywa."

Halafu akanifundisha kusikia. Unapogonga, pamba ikiwa bado legevu, nyundo inajibu kwa sauti nzito, kama mutu anayejibu akiwa na chakula mudomoni. Ikifika mahali pake, sauti inakuwa kavu. Ukiendelea kugonga baada ya hapo, unaharibu. Muzee alikuwa anaweza kukaa upande wa pili wa banda, amenipa mugongo, ananywa chai yake, na kusema "Basi, Espérance," kabla mkono wangu haujashuka mara ya mwisho. Macho yake yalikuwa yameanza kuwa na ukungu tayari. Masikio hayakumusaliti hadi mwisho.

Kulikuwa na kesi ngumu, na kulikuwa na kesi za kuchekesha. Siku moja walituletea boti ya soko iliyotoka Minova ikiwa nusu chini ya maji. Abiria walikuwa wameziba nyufa kwa walichokuwa nacho. Tulitoa mule kikwembe, soksi za polisi, shati ya shule yenye jina la mutoto kwenye kola, na kipande cha sabuni kilichofanya kazi nzuri kuliko vyote. Muzee aliifua ile shati, akaianika, akakaa nayo hadi mama mwenye mutoto akapita kuiulizia. Wavuvi wa sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, nao walileta mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, wakiwa na haraka kila siku, maana sambaza haingoji mutu apake lami. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yetu ya kila wiki. Bato yenye mitumbwi miwili ilikuwa kitu kingine.

Tulimuita Mapasa, ndivyo tunavyoita watoto waliozaliwa pamoja. Ilijengwa kisiwani Idjwi zamani, kwa padri mmoja muzungu aliyetaka kutembelea parokia za kando ya ziwa polepole, kutoka ghuba hadi ghuba, akilala ndani ya bato. Padri alikuwa ameona mufano wake kwenye gazeti: mitumbwi miwili mirefu ya mbao, imeunganishwa kwa miti minene, juu yake jukwaa na kibanda, na tanga katikati. Akawapa kazi ndugu wawili, Bagalwa na Cubaka. Hao wenyewe walikuwa mapasa. Bagalwa, aliyetoka kwanza tumboni, akajenga mutumbwi wa kulia; Cubaka akajenga wa kushoto. Watu wakaita wa kulia Mukubwa, wa kushoto Mudogo, na hadi leo mimi siwezi kuwataja kama vitu.

Munajua desturi za mapasa, na asiyejua amuulize mama yeyote aliyewazaa. Ukinunulia mumoja nguo, unanunulia mwenzake. Mumoja akiumwa tumbo, wote wawili wanakunywa dawa. Pale kwetu Katoyi kulikuwa na mama aliyechapa wote wawili kwa kosa la mumoja, na yule asiye na kosa alikuwa anakuja mwenyewe, analala chini, anangoja zamu yake. Ndugu hawa wawili walichukua desturi ile wakaitia ndani ya mbao. Sheria yao ilikuwa kwamba ukitoa ubao kwa Mukubwa, unatoa wa mahali pale pale kwa Mudogo, hata kama ni muzima. Msumari kwa msumari, rangi kwa rangi. Nilimuuliza Muzee kama ni dini au ni ufundi. Akasema ubao mupya unakunywa maji kwa namna yake na wa zamani kwa namna yake, na pande mbili zikinywa tofauti, miti inayozishika ndiyo inateseka. Niliona ni akili. Hata sasa, mutu akiniambia maneno hayo bila kuniambia yaliyofuata, nitaona ni akili.

Padri alipoondoka, bato ililetwa Goma kwa hoteli moja, na Bagalwa akaja nayo kama muangalizi. Cubaka akabaki Idjwi na mashamba. Siku ya kuondoka, alinieleza Muzee, ndugu yake alisimama ndani ya maji hadi magotini akamwambia, "Unanipokonya wangu. Urudi naye." Bagalwa akaapa kwamba atarudi na wote wawili. Hoteli ikafa, bato ikavutwa nchi kavu nyuma ya atelier yetu, ikaegemezwa ukuta, na miaka ikapita. Ndugu hawa wakawa wanatumiana salamu kupitia wauza mananasi. Boti za Idjwi zilikuwa zinatoka kila asubuhi, pale pale mbele yetu, na Muzee alikuwa anaziba nyufa zake kwa mikono yake. Hakupanda hata moja. Nilimwambia aende, akae kwa ndugu yake hata wiki moja, arudi.

"Niende na nini?" akaniuliza. "Nilitoka na bato. Nikifika na kimufuko, Cubaka atanicheka mbele ya watoto wake."

Nilifikiri anafanya muchezo. Hakuwa anafanya muchezo.

Ndipo akaja Papa Kasereka, mufanyabiashara wa Butembo, mwenye mbao na mabati, mutu mwema aliyeogopa maji kuliko nyoka. Alikuwa anakuja atelier akiwa amevaa jile ya kuokolea, nchi kavu, katikati ya mawe ya volkano, na sisi tulikuwa tunamusalimia kwa heshima zote. Aliona Mapasa nyuma ya banda, akaizunguka mara kadhaa, akapenda. Alitaka kuitengeneza iwe ya kutembeza familia kando kando ya ziwa: Goma, Idjwi, Kalehe, Bukavu, polepole, watu wakilala kwenye ghuba na kula samaki. Akamuuliza Muzee kama inawezekana.

"Inawezekana," Muzee akasema. "Lakini safari ya kwanza ni ya Idjwi, na mimi niko ndani."

"Safari ya kwanza ni yako, Muzee. Mimi nitakungoja huko kwa barabara."

"Idjwi ni kisiwa, Papa Kasereka."

Kasereka akaomba chai. Tangu siku ile Muzee akawa mutu mwingine. Alifika kabla ya mulinzi. Alianza kuongea juu ya Cubaka kila siku, namna alivyokuwa anaogelea, namna alivyokuwa anapenda kusingizia ugonjwa wakati wa kulima, na namna atakavyosimama kwenye ufuko akiona mitumbwi yote miwili inaingia. Umri wao ulikuwa umeshakwenda sana, na yeye alijua. Aliniambia waziwazi, "Espérance, nataka tu anione ninafika."

Tukaikagua. Mukubwa, upande uliokuwa karibu na ukuta, alikuwa amedondokewa na maji ya paa kwa miaka. Tumbo lake lilikuwa limeoza. Chuma changu kiliingia kama kwenye muhogo uliopikwa. Mudogo alikuwa muzima. Niligonga tumbo lake lote, na lote likajibu kavu. Nilifurahi, nikasema tumepata nusu ya kazi bure. Muzee akanitazama kana kwamba nimetukana mutu kanisani.

Mbao zilikuwa zinatoka upande wa Beni, libuyu nyekundu, pana, zilizokauka vizuri. Gari la kwanza lilifika na mbao za kutosha upande mumoja. La pili lilikuwa njiani, na Kasereka alikuwa anaongea na shofere kwa simu kila siku. Muzee akaagiza tufungue matumbo yote mawili kwa pamoja.

"Muzee," Kasereka akasema, "huyu mugonjwa namuona. Lakini yule mwingine iko muzima kabisa. Juu ya nini tunamupasua?"

"Juu wako mapasa."

"Hata kama mumoja hana shida?"

"Kwenu Butembo, mumoja akipata nguo, mwenzake munamufanya nini?"

Kasereka ni mutu wa milimani, mutoto wa kanisa, lakini mambo ya mapasa hata kwao yanaheshimiwa. Akasema, "Fungueni." Mimi nilisimama upande wa Muzee, nikasema sheria ni sheria, na nilisema kwa moyo wote. Tukakata vichwa vya misumari, tukaingiza kabari, tukatoa mbao za Mudogo moja moja. Zilikuwa hazitaki kutoka. Nyingine zilipasuka ncha. Tulizipanga chini ya turubai, na jioni ile mitumbwi yote miwili ilikuwa imebaki mbavu tupu, unaona ziwa kupitia ndani yake. Muzee aliweka mkono mumoja kwa Mukubwa na mwingine kwa Mudogo, akasema, "Sasa wako sawa. Gari ikuje tu."

Gari halikuja. Vita ilirudi barabarani, ile barabara ya kaskazini ambayo kila mutu wa Goma ameizoea kufungwa kama mulango wa duka. Shofere alipita alipopita, akafika Kibati, na hapo akasimama. Kibati, munajua, ni pale pale. Mutu mwenye miguu mizuri anaenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Nilipoona siku zinapita nikapanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda kuangalia. Lori nililikuta kando ya barabara, tupu. Watu waliokimbia kutoka Rutshuru walikuwa wamefika na mvua, na shofere mwenyewe, bila kumuuliza mutu, alikuwa amefungua nyuma ya gari. Mbao zetu zilikuwa zimesimama pande zote mbili za barabara, kuta za vibanda. Nilizitambua kwa upana na kwa rangi. Mama mumoja, aliyekuwa anapika mboga kwenye mawe matatu, akaniona nimesimama, akafikiri nimechoka, akanisogezea ubao nikae. Nikakaa. Chini ya ule mwingine kulikuwa na mutoto amelala. Sikuwa na sauti ya kusema kwamba nimekuja kuchukua.

Nilirudi nikamweleza Muzee yote. Akauliza swali moja.

"Wako na watoto?"

"Wako nao."

"Basi waache. Mvua haiko mingi chini ya libuyu."

Hapo nilimpenda. Lakini kesho yake nilimwambia lile nililokuwa nimelifikiri usiku kucha. Mbao za gari la kwanza zilitosha Mukubwa. Mbao za zamani za Mudogo zilikuwa bado chini ya turubai, nzima karibu zote. Ncha zilizopasuka ningezikata na kuunganisha. Tungezirudisha mahali pake, tungeziba, tungewanywesha maji wote wawili, na kabla ya mawimbi ya msimu wa kiangazi angekuwa Idjwi.

"Mupya huku, ya zamani kule," akasema.

"Ndiyo, Muzee."

"Nifike kwa Cubaka, wangu amevaa nguo mupya, wake amevaa matambara yake ya zamani. Ndiyo unataka?"

"Nataka ufike. Mengine utamuomba musamaha."

"Nimuombe musamaha juu ya mutumbwi wake mbele ya wajukuu wake. Hapana. Tutangoja mbao."

Nilimpigia Kasereka. Alikuwa amekwama Butembo, hawezi kushuka, na simu ilikuwa inakatika katika. Akasema Muzee ndiye anajua, yeye mambo ya mapasa hatii mkono. Niligombana na Muzee siku ile kwa mara ya kwanza, na nilisema kwa sauti. Nilimwambia kwamba mbao hazina wivu, watu ndio wenye wivu. Alichukua kazi niliyokuwa nimefanya asubuhi kwenye boti ya wavuvi, akaanza kuifungua kimya, akitoa pamba yangu nzuri kipande kwa kipande. Tuliishi wiki nyingi bila kuongea isipokuwa mambo ya lami. Uji wake nilikuwa nampelekea vile vile.

Jua lilifanya kazi yake. Mbavu zilizokuwa zimekaa ndani ya ngozi ya mbao kwa miaka zilibaki wazi, zikaanza kujikunja, kila moja upande wake. Muzee alikuwa anakaa kwenye kigoda kati ya mitumbwi miwili, macho hayaoni tena vizuri, anagonga mbavu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Alisikia zinavyokwenda. Mutu mwenye masikio yale hawezi kukosa kusikia. Kisha vita ikaingia mjini kwenyewe, tukajifungia, risasi zikatoboa paa la banda, na tulipotoka mabato yalikuwa yamekatazwa kusafiri. Hata wauza mananasi wakapotea, na salamu za Cubaka nazo zikakatika.

Muzee Bagalwa alikufa katika majira yale, nyumbani kwa binti yake, kwa homa ambayo mutu mwenye nguvu angeishinda. Mara ya mwisho nilipomuona aliniuliza kama gari limefika. Nilisema bado. Akasema, "Likifika, anza na wa Cubaka." Ndugu yake hakuweza kuja kumzika; ziwa lilikuwa limefungwa. Maduka pia yalikuwa yamefungwa, na hakukuwa na mahali pa kupata sanduku, kwa hiyo mafundi walichukua libuyu ya gari la kwanza, ile iliyokuwa inangoja Mukubwa, wakalitengeneza pale pale kwenye atelier. Walilitengeneza vizuri. Siku ile hakuna aliyeuliza sehemu ya Mudogo. Nililia, na sioni haya kuandika hivyo. Nililia kwa uchungu na kwa hasira, maana kama tungefungua upande mumoja tu, angekuwa amekufa Idjwi, kwenye kitanda cha ndugu yake.

Ziwa lilipofunguliwa, siku nyingi baadaye, nilikuwa nasafisha vyombo vyangu vya mwisho kabla ya kuacha kazi. Nikamuona Muzee Bagalwa anaingia mulangoni. Masikio yale yale, ufupi ule ule, ila huyu alikuwa anatembea kama mutu aliyelima maisha yote, na macho yake yalikuwa safi.

"Mimi Cubaka," akasema. "Wewe ndiye Espérance wa pamba. Nilikuja na boti ya asubuhi. Hata chai nilikunywa kwetu."

Nilimkalisha. Nilimpa pole. Akaomba aone bato, nikampeleka nyuma ya banda. Aliizunguka polepole, akapitisha mkono ndani ya mbavu za upande wa kulia, kisha za kushoto. Hapo akasimama.

"Huyu wangu, juu ya nini mulimufungua?"

Nilimweleza kila kitu: maji ya paa, tumbo la Mukubwa, sheria yao, gari, Kibati. Nilimweleza namna Muzee alivyokataa kufika kwake na mumoja amevaa mupya na mwingine ya zamani. Alikuwa anasikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akakaa juu ya jiwe.

"Mama Espérance, tumbo la huyu nililibadilisha mimi. Zamani. Bagalwa alikuwa amelazwa Bukavu, na mimi nikaona mbao zangu zimeanza kuchoka. Nikatoa zote, nikaweka mupya, nikapaka rangi. Peke yangu."

"Hukumwambia?"

"Ningemwambia, angetoka hospitali afungue wake. Na wake ulikuwa bado muzuri." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Tulisafiri nayo miaka, padri na sisi. Haikupinda siku moja. Bagalwa alikuwa anashika usukani anasema, unaona inavyoenda, ni juu tunawafanyia sawa. Mimi nilikuwa nasema ndiyo. Nilikuwa nacheka ndani ya roho."

Niliangalia zile mbao chini ya turubai, zile zilizokuwa hazitaki kutoka. Miaka yote niliyoifundisha sheria ile kwa wengine, ilikuwa imekwisha vunjwa kabla sijazaliwa kwenye kazi, na bato ilikuwa imeenda vizuri. Nilitaka kumkasirikia muzee huyu. Alikuwa analia bila sauti, mikono juu ya magoti, na hasira ikakosa mahali pa kukaa.

Akaniuliza, "Alisema nini juu yangu?"

"Alisema anataka tu umuone anafika."

"Mimi nilikuwa naenda kwenye ufuko kila boti ikifika. Kila moja. Watoto wangu walikuwa wananicheka."

Akaomba nimpeleke kaburini. Tulikwenda kwa miguu, polepole, yeye akiwa ameshika mkono wangu. Nilifikiri atamwambia ukweli sasa, maana aliyelala hawezi tena kufungua kitu. Nilijitenga kidogo ili amalize mambo yake. Lakini mama yangu alikuwa mutu wa Kalehe, na Kihavu, lugha ya Kalehe na Idjwi, nakisikia. Cubaka alivua kofia, akainama juu ya udongo, akazungumza kama mutu anayezungumza mulangoni na ndugu yake aliye ndani.

"Bagalwa," akasema, "nimeona bato. Wangu na wako wako sawa. Hakuna aliyepita mwenzake."

Na kwa mara ya kwanza tangu zile mbao za siri, ilikuwa kweli: mbavu tupu huku, mbavu tupu kule.